Gredi 2 siyo steji 2 jamani

SWALI: Habari za kazi daktari. Mdogo wangu wa kiume ana uvimbe pajani tangu masika, hauumi, sisi tukajua ni mafuta tu. Amefanyiwa bayopsi (alikatwa kinyama cha kupima), majibu yanasema ni sakoma, yaani saratani ya tishu laini kama msuli na mafuta, gredi 2, sentimita 8, mitosisi 12, nekrosisi 20%. Siku ile foleni ilikuwa ndefu hatukuelezwa kitu. Mama anasema 2 ni mwanzo kabisa, anataka siti skani ya kifua tuiache mpaka tumalize kuvuna kahawa. Ni kweli?
Dada mtu, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Pole dada, na mama umpe shikamoo yangu, ila kwa hili kateleza. Gredi ni ukali wa seli zenyewe, steji inaangalia na ukubwa na kama umeshasambaa. Halafu gredi zinaishia 3, siyo 4 kama steji, kwa hiyo 2 ni katikati sio mwanzo.

Inapatikana kwa kujumlisha pointi. Kwanza seli zimeacha kufanana na tishu ya kawaida kiasi gani, 1 mpaka 3. Pili mitosisi, yaani seli zilizokutwa zinagawanyika, mtu wa maabara anahesabu maeneo 10 kwenye darubini, zikiwa 0 hadi 9 ni pointi 1, 10 hadi 19 ni 2, kuanzia 20 ni 3. Tatu nekrosisi, ile sehemu iliyokufa sababu uvimbe umekua haraka damu haiufikii vizuri: hamna kabisa 0, chini ya nusu 1, nusu kwenda juu 2. Jumla 4 au 5 ndo gredi 2, na 6 kwenda juu ni gredi 3. Mdogo wako hapo ana 2 na 1, kama ile ya kwanza kapata 2 basi ana 5, kabakiza pointi moja tu.

Sasa sikia hii: uvimbe wa paja uliozidi sentimita 5 ukiwa gredi 2, hata kama haujaenda popote, unahesabiwa steji ya 3. Msishtuke, haimaanishi umesambaa, ila sakoma ikihama mara nyingi inakimbilia mapafuni na ndo maana wanataka kifua.

Ulizeni pia kama uko juu au chini ya ule utando mweupe wa msuli, unaouona buchani kwenye nyama ya paja, ukiwa chini ni mbaya zaidi. Na asije mtu akauchokoa mtaani kama kokwa la parachichi, seli zitabaki pembeni na utarudi. Kahawa majirani watawasaidia, skani fanyeni wiki hii.