USINUNUE INJINI! Gari nzito, anza na eksozi

Mkuu ishia hapo hapo. Hiyo hela ya injini usiitoe, hata kama fundi ameshakuomba advansi.

Umeuliza nozo uzisafishe na nini, oili gani inafaa kwenye Wish ya 2003, halafu mwishoni kabisa, kama vile si kitu, unasema gari imekuwa nzito, milima haipandi, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukifika 3000 unagoma, na fundi kasema hiyo injini yake ya 1ZZ imechoka ukatafute nyingine ya mtumba. Hicho cha mwisho ndio uzi wenyewe, mengine mapambo.

Mimi nina Premio, injini hiyo hiyo, na nilipigwa kwa maneno hayo hayo. Asubuhi inawaka vizuri, sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, ukizunguka nayo mjini hujui kama ina ugonjwa, ila shika njia ya Iringa ufike Kitonga utajua hujui. Nimekanyaga mpaka chini, Fuso la vitunguu likanipita, utingo ananipungia mkono. Nikapeleka kwa fundi, mtu ana gereji na cheti ukutani, hakushika kipimo chochote, kasikiliza tu mlio akasema kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, imekwisha. Imekwisha umeipima na nini bwana? Sikio! Na mimi nikalipa. Injini, ufundi, oili, kulanti, kirikuu ya kuibeba kutoka Gerezani, jumla ikapita milioni mbili na chenji juu. Wakafunga, wakawasha, ikaitika, tukapeana mikono. Naingia barabarani, nzito vile vile.

Kwa sababu injini mpya waliifunga kwenye eksozi ile ile! Masega, yaani katalisti, kile kisafisha moshi cha ndani ya eksozi, yalishayeyuka yakaziba, moshi hautoki, na moshi usipotoka hewa mpya haiingii, hapo hata ufunge injini ya ndege itabanwa tu. Ni mtu unamziba pua halafu unailaumu miguu yake kwamba haikimbii. Na yule bwana bila haya akasema sasa tuangalie gia boksi. Gia boksi! Injini yangu ya zamani nilimwachia hapo hapo aiuze kwa vipuri, nasikia ipo kwenye gari la mtu na inaruka vizuri tu. Basi nimechangia maendeleo ya taifa.

Aliyeniokoa ni mchomeleaji wa eksozi, wala si fundi injini. Aliweka kiganja nyuma ya bomba, akaniambia nipige resi, akacheka.

Kwa hiyo mkuu, hakuna kununua kifaa mpaka kipimo kiseme. Fanya hivi. Gari ikiwa ya baridi kabisa tafuta sensa ya oksijeni ya kwanza, ile iliyo kabla ya masega. Nyingi zinafunguka kwa spana 22, za Toyota nyingine zimeshikwa na nati mbili ndogo, na zote zinapenda kuganda kwa kutu, kwa hiyo mwagia dawa ya kutu jioni uache ilale nayo, usilazimishe ukavunja stadi (boliti yake) ukaanzisha uzi mwingine. Ing'oe, waya wake ufunge mbali na joto, washia nje kabisa sio ndani ya banda maana ule moshi unaua. Kelele zitatoka, majirani watatoka pia. Fungua vioo, zunguka mtaa mmoja wenye kamlima. Kama gari iliyokuwa inagoma sasa inachanganya mwendo, mgonjwa ni masega, kesi imefungwa. Kama hakuna tofauti basi rudi kwenye pampu na chujio la mafuta.

Ukiazima kipimo cha vakyumu, kinachopima mvuto wa hewa ya injini, ndio raha zaidi, hufungui kitu cha moto. Chomeka kwenye mpira mdogo wa menifodi ya hewa. Kwa sisi wa Dar, sailensa injini nzima inasoma kama inchi 17 mpaka 21 za zebaki. Panda hadi RPM 2500 ushikilie hapo, mshale utashuka kidogo kisha urudi. Ukiona baada ya hapo unashuka polepole, unashuka tu na wewe mguu hujausogeza, njia ya moshi imeziba. Walio nyanda za juu, kila mita 300 za mwinuko mnapoteza kama inchi moja, sasa mtu wa Iringa akisoma 15 asije akauziwa injini.

Na habari ya gia boksi, RPM zikipaa halafu gari haiendi, hapo sawa mtuhumu. Zako zenyewe hazipandi, gia boksi inahusika vipi? Ea klina angalia, breki zinazong'ang'ania angalia (rimu moja kuwa ya moto kuliko wenzake baada ya safari), ni dakika chache. Kompresheni nayo ina geji yake, plagi zote nne nje, mafuta yamekatwa, pedali chini, unapiga stata. Asiye na geji asitamke neno kompresheni mbele yako.

Halafu masega hayazibi bure. Ama gari ilikuwa inamisi (silinda haichomi mafuta) muda mrefu, koili au plagi, mafuta mabichi yanaenda kuungulia huko ndani, ama inakula oili, na hizi 1ZZ za miaka ya mwanzo kwa kula oili zina sifa yake. Ukibadili masega bila kutibu hicho, mapya nayo yatakwenda. Kodi ya cheki injini, ile namba ya hitilafu, iandike kabla fundi hajaifuta.

Na fundi akikuomba masega ya zamani "akakutupie", usimpe. Ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, wanunuzi wanapita gereji kwa gereji kuyatafuta. Uza mwenyewe, hela ya plagi hiyo.