Mistari ya giza kwenye video: kamera haijafa

SWALI: Mwalimu, salaam. Napiga video za harusi na ibada hapa Arua. Binamu yangu aliniletea kamera kutoka Marekani. Nje juani picha ni safi, lakini nikiingia ukumbini mistari ya giza inapanda polepole kwenye picha, na wakiwasha jenereta ndiyo inazidi. Fundi mmoja anasema sensa, kile kifaa cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, imekufa, niiuze kama vipuri. Nifanyeje?

JIBU: Usiiuze. Sensa iliyokufa ingekusumbua hata juani. Kamera yako imekuja na mipangilio ya huko ilikotoka, basi.

Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, wetu Uganda ni hezi 50. Taa nyingi za kumbi, hasa za tyubu na LED za bei rahisi, huwaka na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, ikiwa 1/60 ya sekunde, inakamata pigo moja la mwanga na kipande cha pili. Na kwa kuwa sensa husoma picha mstari kwa mstari, sehemu moja hupata mwanga mwingi, nyingine kidogo. Weka 1/50 upate mapigo mawili kamili, au 1/100 upate moja kamili. Mistari itatoweka hapo hapo.

Ukitulia nyumbani, ingia kwenye menyu ubadilishe mfumo kutoka hezi 59.94 kwenda 50, urekodi fremu (picha) 25 kwa sekunde, ambazo ndizo zinazotumiwa na televisheni za hapa. Nakili kazi zako kwanza, maana baadhi ya kamera hukataa kadi mpaka ifomatiwe upya.

Jenereta ni kesi nyingine. Zile ndogo za petroli kwa kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa hezi 50. DJ akichomeka spika na mwenye soda akachomeka friji, injini inalemewa. Ikishuka hadi 2,850, umeme unakuwa hezi 47.5 na hiyo 1/50 haikusaidii tena. Tafuta kwenye menyu Clear Scan. Sony huandika ECS, Panasonic huiita Synchro Scan. Inakuwezesha kusogeza shata kidogo kidogo. Elekeza lenzi kwenye ukuta mweupe, sogeza taratibu mpaka mistari isimame, kisha ififie. Mzigo wa jenereta ukibadilika, utarudia. Ndiyo maana kwenye sherehe za jenereta mimi hubeba taa yangu ya betri, na sijali wanaonicheka kwa mizigo.

Nikienda kufundisha, iwe Gulu, Lira au Mbarara, kabla sijafungua stendi naweka shata 1/500 na kuelekeza kamera kwenye taa moja moja. Taa nzuri inatulia, mbovu inatoa mikanda minene. Wenye ukumbi hudhani natafuta panya darini! Lakini najua mapema wapi nisimkalishe bwana harusi.

Nawe fanya hivyo kabla ya Jumamosi. Rekodi dakika moja, taa zote zikiwa zimewashwa, uitazame kwenye televisheni. Kioo kidogo cha kamera huficha mikanda myembamba, na bibi harusi ataiona siku ya kwanza tu.