Barua kwa mwanangu: kibao cha Kilindoni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama kibao mnachotaka kukisimamisha hapo Kilindoni, kisiwani Mafia, kiandikwe "Dennis Cutler, rubani aliyeizamisha Königsberg". Hapana, msiandike hivyo. Manowari hiyo, yaani meli ya kivita ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, ilipata kipigo chake cha mwisho tarehe 11 Julai 1915, na siku hiyo Cutler alikuwa mfungwa wao tangu Desemba ya mwaka uliotangulia.

Heshima yake anayo, lakini ni ya kazi nyingine. Baada ya Königsberg kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, Septemba 1914, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Cutler, raia aliyekodiwa kutoka Durban, aliletwa na ndege yake ya majini aina ya Curtiss, akawa anaruka kutoka kisiwa cha Nyororo, kaskazini ya Mafia. Safari ya kwanza alikwenda bila dira, akapotea, akatua kwenye kisiwa kisicho chake. Rejeta ilipoharibika, ikaletwa ya gari la Ford kutoka Mombasa. Kwa chombo cha namna hiyo ndiyo aliiona meli katikati ya mikoko. Mwishowe injini ikamfia juu ya delta, akakamatwa.

Waliomfuata walishindwa na joto, nawe ukae hapo kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopaharakisha. Hewa ya moto ni nyepesi: bawa linabeba kidogo, propela inavuta kidogo, na injini yenyewe inapungua nguvu. Ndege za Sopwith zilizokuja mapema 1915 hazikuweza hata kunyanyuka majini zikiwa na watu wawili, na gundi ya mbao zake ikaanza kuachia. Aprili zikaja ndege za Short, nazo zikapanda futi mia chache tu, yaani ndani ya mlengo wa bunduki. Ni katika mojawapo ya hizo rubani Mwingereza, John Cull, aliipiga picha Königsberg. Juni zikaletwa ndege za magurudumu, Caudron na Henri Farman, na uwanja ukafyekwa hapo hapo Mafia. Hii ndiyo sababu kibao kinastahili kuwa kwenu na si mahali pengine.

Sasa kazi yenyewe. Meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, ziliingia mtoni, lakini wapigaji hawakuweza kuiona shabaha kwa sababu ya mikoko. Mtazamaji aliyekaa ndegeni ndiye aliyeangalia kombora limeangukia wapi, akatuma kwa simu ya upepo, kwa vitone na vistari: fupi, refu, kushoto, kulia. Tarehe 6 Julai meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, basi mtazamaji asijue lipi la nani. Mengine yalimezwa na tope bila kuonekana. Mersey ikapigwa, wakarudi nyuma. Tarehe 11 wakajirekebisha: meli moja ipige, nyingine isubiri.

Siku hiyo rubani alikuwa Cull na mtazamaji Harwood Arnold. Risasi ziliipata injini yao. Ndege ikawa inashuka kwa kuelea tu, na Arnold bado anatuma masahihisho huku maji yanakaribia. Ikapinduka mtoni karibu na Mersey. Wote wawili wakatoka hai. Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe, kisha wakaing'oa mizinga yake 10 na kuendelea kupigana nayo nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Kwa hiyo msimwache Arnold. Vibao vingi humtaja rubani na kumsahau aliyekuwa anaona, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko kukosea tarehe. Maneno yatoshe hivi: "Kutoka visiwa hivi ndege ziliruka kuitafuta manowari Königsberg katika delta ya Rufiji. Dennis Cutler, 1914. John Cull na Harwood Arnold, 1915."

Kuhusu ujenzi, shaba nzuri lakini itakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chukueni jiwe, herufi zichongwe, zisipakwe rangi, chumvi huimenya. Nguzo ya zege iwe 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto. Fundi akileta mchanga wa pwani mrudishieni, na maji ya kuchanganyia yawe yasiyo na chumvi, si ya bahari: chumvi huingia kwenye nondo, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Nondo zizame inchi 2 kutoka uso wa zege kila upande. Mafundi wengi huziacha zikigusa mbao za fomu. Mwagilieni siku 7. Kabla ya kuchimba, pelekeni barua halmashauri na kwa watu wa Mambo ya Kale, na rasimu ya maneno muiambatanishe, kwa sababu jiwe likishachongwa halina ufutio.

Nitumie rasimu kabla fundi hajaanza kuchonga, niangalie tahajia ya Königsberg. Zile nukta mbili juu ya o huwa zinaruka.

Baba yako