Oili ya difu: fungua mwenyewe uone unacholipia

Msomaji mmoja wa Kasulu ameniandikia: "Kaka, nimenunua Hilux ya kuzungukia mashamba. Fundi anasema oili ya difu haibadilishwi mpaka difu life. Ni kweli?" Difu ni lile boksi la gia katikati ya ekseli, linalopeleka nguvu kwenye matairi. Nilicheka, kisha nikanuna. Na mimi niliwahi kuuziwa maneno ya namna hiyo hapa Tabora, tena kwa risiti.

Land Cruiser langu ni la gia za mkono na kazi yake ni Sikonge, kubeba mizinga kwenda na asali kurudi. Niliwahi kulipeleka gereji moja hapa mjini, siitaji jina, wakisoma watajijua. Nikalipia oili sehemu zote nne: gia boksi, transfa (inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma), difu la mbele na difu la nyuma. Masika yalipokata nikaona nijaribu kazi hiyo mwenyewe nyumbani, Ipuli. Jirani akanichungulia juu ya ukuta: "Mwalimu, mshahara umechelewa?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeshalegeza nati ya chini ya difu la nyuma, yakatoka maji kwanza, halafu kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Difu la mbele ndilo lililoniuma zaidi. Nati zake bado zilikuwa na rangi ya kiwandani, haijachubuka hata kona moja. Nilikuwa nimelipia oili ya mahali ambapo spana haijawahi kufika.

Basi wewe wa Kasulu, jibu ni kwamba inabadilishwa. Wengi huhesabu kilomita 40,000, lakini kwa mtu anayevuka maji na tope mimi nasema nusu yake, na ukivuka mto maji yakafunika ekseli, usisubiri hesabu yoyote. Difu lina kipumulio, yaani kitundu cha kupitishia hewa, juu yake. Likiwa limepata moto wa safari ukalitumbukiza mtoni, hupoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta ya nje. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, litavuta maji kupitia kwenye sili, zile ringi za mpira zinazozuia oili kuvuja. Kwa hiyo kabla hujalaumu sili, kasafishe kwanza kipumulio. Kuna watu wamebadilisha sili mara mbili mbili na kosa lilikuwa udongo kidogo tu.

Kazi yenyewe haina maajabu. Zungusha gari kidogo oili ipate joto, liegeshe pa tambarare, weka kabari kwenye matairi, na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Halafu, tafadhali sana, ANZA NA NATI YA KUJAZIA. Ile ya juu. Ukimwaga oili yote halafu nati ya juu ikagoma kwa kutu, gari halitoki uani, na fundi utakayemwita atakupangia bei anayotaka. Tumia soketi inayokaa sawasawa, spana ya kulegealegea itakula kona zote.

Nati nyingi za kumwagia zina sumaku. Unga laini wa kijivu unaonata pale ni uchakavu wa kawaida, futa. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, hapo kuna jino linalovunjika, na oili mpya haitalirudisha. Weka wosha mpya, kaza, kisha jaza kwa bomba la mkono au mpira mrefu mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu lile lile la kujazia. Hapo ndipo kipimo kilipo. Kwenye transfa punguza nguvu: nyingi zina mwili wa aluminiamu, hesi zake, ile mikato nati inapojikazia, huliwa upesi.

Kuhusu oili, usimwambie muuza duka "nipe ya gia" ukaondoka. Difu linataka oili ya daraja la GL-5, kwa kawaida ya uzito wa 80W-90 au 75W-90. Gia boksi ya mkono mara nyingi inataka GL-4, kwa sababu ndani kuna ringi za shaba, na dawa za salfa zilizo kwenye baadhi ya oili za GL-5 huzila polepole. Kitabu cha gari lako ndicho kinachosema, na lita pia zimo humo. Ukiambiwa "zote ni sawa tu", hamia duka la pili.

Vijana wangu, mnahangaika kununua gari la kupanda milima halafu hamjawahi kuliona tumbo! Mtu anajua bei ya rimu za kung'aa, hajui difu lake la mbele lina nati ngapi. Anasema, "Mimi fowili siiweki, la mbele halichoki," yaani haendeshi kwa matairi yote manne. Maji hayaulizi kama umeiweka. Jifunzeni. Na hata ukimwachia fundi, simama pale umwone akifungua. Si dharau, ni hela yako.

Oili chafu usiimwage uani, hasa kama una kisima. Mimi huiweka kwenye dumu, na watu wanaojenga huja kuiomba wapake nguzo dhidi ya mchwa. Hata yule jirani alishakuja na chupa yake.

Wale wa gereji tunaonana sana barabarani. Wananipigia honi, "Mwalimu, mbona umetutupa?" Salamu naitikia. Gari hawalipati tena.