Muulize Mwenyewe Anapenda Kuitwaje

Anayehudumia wazee, iwe wodini, kwenye makao ya wazee au nyumbani kwa mtu, hufundishwa mapema kuosha, kulisha, kugeuza mgonjwa na kupima presha. Namna ya kumwita mzee huwa hafundishwi. Basi wanaume wote wanakuwa "babu" na wanawake wote "bibi", na mtu aliyeishi miaka 70 akijulikana kwa jina na kazi yake anageuka bibi wa kitanda cha nne. Wengi hawalalamiki. Wananyamaza tu, na ukimya huo tunaudhania kuwa wameridhika.

Dawa ni kuuliza, ila swali lenyewe lina namna yake. Usiseme, "Nikuite bibi, sawa?" Mtu mwenye adabu zake atajibu "sawa" hata kama hapendi, hasa akijua kwamba wewe ndiye utakayemshika mkono kwenda chooni usiku. Msalimie kwa heshima, taja jina lako na kazi yako, mwite kwa jina lililo kwenye faili ukitanguliza Mzee, Bwana au Bi, kisha uliza: "Ungependa tukuiteje?" Halafu nyamaza, umwache afikiri. Uliza wakati watoto wake hawapo, maana wakiwapo watamjibia: "Mwite tu bibi, sote tunamwita hivyo." Wao ni wajukuu na watoto wake; wewe umemfahamu leo asubuhi.

Akisema "niite vyovyote", usiishie hapo. Uliza kazini walikuwa wakimwitaje, na majirani wanamwitaje. Mara nyingi jibu hutokea hapo: Mwalimu, Fundi, Hajjat, Mchungaji, Mama Zawadi.

Hilo la mwisho linahitaji uangalifu kuliko yote. Kumwita mtu kwa jina la mtoto wake ni heshima kubwa, na ndiko tunakoumiza watu bila kujua. Huenda mtoto huyo amefariki. Wapo wazazi wanaotaka jina la marehemu liendelee kutajwa kila siku, na wapo ambao kila likitajwa msiba unaanza upya. Huwezi kubahatisha. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto akiulizwa "wewe mama nani?" mbele ya watu, umemgusa pabaya. Mjane naye: mmoja anang'ang'ania jina la mumewe, mwingine amesharudia la baba yake. Kwa hiyo baada ya msiba wowote swali linaulizwa upya, faraghani.

"Mzee" likitangulia jina hubeba heshima. Likiachwa peke yake, mwanamume wa miaka 58 aliyestaafu juzi anaweza kulisikia kama taarifa kwamba amekwisha. Kwa wanawake, "mama" hukubalika na wengi kuliko "bibi", lakini nalo si leseni ya kuacha kuuliza. Kikongwe, ajuza na kizee yasitumike kabisa, si mbele yake wala kwenye ripoti. Ukiandika habari ambayo umri una maana ndani yake, andika "mwenye umri wa miaka 82". Kama hauna maana, uache. Na maneno kama "mpenzi" na "kichuna", hata yakitoka kwenye moyo mwema, humshusha mtu mzima akawa mtoto.

Ukishapata jibu liandike juu ya ukurasa wa kwanza wa faili, na mhudumu wa zamu inayoingia asomewe jina hilo. Lakini jina analolipenda lisichukue nafasi ya jina rasmi. Kabla ya kumpa dawa bado unahakikisha jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu wodi moja inaweza kuwa na Mama Zawadi wawili, na hapo heshima ikikosa utaratibu inaua.

Sauti nayo ina sehemu yake. Uzee unapopunguza usikivu, kwa kawaida huanza na sauti nyembamba, na herufi kama s, f na sh ndizo zinazopotea mapema. Kumwita mzee kwa sauti nyembamba ya kubembeleza mtoto kunamfanya asikie kidogo zaidi, mbali na kumdhalilisha. Kupiga kelele hakusaidii, kwani huvuruga maneno na uso wako unaonekana wa hasira. Simama mbele yake, mwanga uwe usoni mwako, shusha sauti iwe nzito kidogo. Taja jina, subiri akuangalie, ndipo useme jambo lako. Na swali linalomhusu yeye aulizwe yeye. "Amekula?" ikielekezwa kwa binti aliyesimama pembeni inafuta heshima yote uliyoijenga kwa jina.

Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, mambo hubadilika. Kumbukumbu za karibuni ndizo zinazotangulia kupotea, hivyo mwanamke aliyeolewa miaka 50 anaweza asiitikie jina la ndoa, akaitikia mara moja lile aliloitwa na mama yake. Waulize ndugu zake wa rika lake kuliko watoto wake, maana watoto huenda hawakulisikia kamwe. Hakikisha pia halikuwa jina la kumtania. Ukilijaribu, tazama uso: akigeuka na kulegea mabega, endelea nalo, akikunja uso, liache hata kama familia nzima imeapa kwamba ndilo lenyewe.

Ukikosea, sema "Samahani, Mwalimu," rudia sentensi kwa jina sahihi na uendelee na kazi. Ukiomba radhi kwa maneno mengi unampa mzee kazi ya kukufariji wewe.

Wapo pia wanaofurahia kuitwa babu au bibi na kila mtu, na akisema hivyo mwite hivyo kwa moyo wote. Ila ruhusa hiyo ameitoa kwako wewe uliyekuwa unaongea naye. Mhudumu mpya akiingia zamu, mtambulishe, kisha mwache amuulize mzee mwenyewe.