Maswali ya Wasomaji: Altaneta ipi inalifaa gari la V8 la mjini na la mbio fupi?

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaishi Nyegezi, Mwanza. Marehemu baba aliniachia gari la Kimarekani, Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970 yenye injini ya V8 ya lita 5.7, na kwa miaka minne nimekuwa nikilitengeneza kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Nimeondoa kabureta nikaweka mfumo wa nozeli unaoongozwa na kompyuta, nimeweka kemshafti kali zaidi, pampu ya mafuta ya umeme, feni mbili za umeme kwenye rejeta na kiyoyozi. Mchana gari halina shida. Lakini jioni, nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Kenyatta kuelekea Mkuyuni, taa na kiyoyozi vikiwa vimewashwa, sindano ya volti hushuka hadi 12 na taa hufifia. Gari hili ndilo ninaloendea kazini, na ninakusudia pia kulikimbiza mbio za mita 400 kila utakapopatikana uwanja uliofungwa kwa shughuli hiyo. Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue altaneta, ile mashine ya kuzalisha umeme wa gari, ya ampea 250. Rafiki yangu ananionya kwamba altaneta kubwa hula nguvu ya injini, na kwamba wakimbiaji huichomoa kabisa siku ya mbio. Nimsikilize nani?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Marahaba. Pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kutoliacha gari lake lioze chini ya mwembe.

Huhitaji ampea 250, na rafiki yako amekosea katika yote mawili. Gari lako halikosi umeme linapokimbia. Linakosa umeme linaposimama kwenye foleni, injini ikiwa kwenye sailensi, yaani ikiunguruma polepole bila kukanyagiwa mafuta. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni altaneta yake inatoa ampea ngapi kwenye sailensi, ikiwa imeshapata moto. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa rota, ile sehemu ya ndani ya altaneta inayozunguka, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ndani ya chumba chenye hewa ya kawaida, si chini ya boneti ya V8 saa kumi na mbili jioni. Altaneta mbili zenye namba ileile ya 140 zinaweza kutofautiana mno huku chini: moja ikatoa ampea 60 na nyingine ikakaribia 100. Mtengenezaji anayejiheshimu huambatanisha mchoro unaoonyesha ampea zinazotoka kwa kila mwendo wa rota, na mimi binafsi sinunui altaneta kubwa isiyo na mchoro huo.

Tuhesabu sasa gari lako linahitaji nini. Feni mbili, kila moja ampea 15 hivi, ni 30. Pampu ya mafuta yenye shinikizo la juu ni kama 12. Kompyuta na nozeli zake ni 8. Mfumo wa kuwashia, kama umeweka lile kasha la cheche kali linalouzwa kwa wakimbiaji, hula takriban ampea 1 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, kwa hiyo tuweke 5 ukiwa safarini na 1 ukiwa umesimama. Taa mbili za mbele za wati 55 ni kama 8, taa za nyuma na za dashibodi ni 4, na kiyoyozi pamoja na feni yake ya ndani ni 15. Ukiongeza waipa kwa siku ya mvua, ampea 5, na redio ya kawaida, ampea 10, unafika 97 barabarani na 93 kwenye foleni. Altaneta nyingi za magari ya aina yako zilipotoka kiwandani zilikuwa za ampea 37 hadi 63, na hizo ni za injini inayokimbia. Ndiyo maana sindano yako inaangukia volti 12: kila dakika ya foleni betri inatoa umeme badala ya kupokea.

Altaneta nayo haipaswi kufanya kazi ukingoni mwa uwezo wake muda wote. Waya wa shaba huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto, hivyo waya uliotoka digrii 25 hadi 100 unazuia umeme karibu theluthi zaidi kuliko ulipokuwa wa baridi, na altaneta iliyochemka hutoa pungufu ya ilivyoahidi. Kwa hesabu yako mimi ningetafuta ya ampea 140 hadi 160 ambayo mchoro wake unaonyesha angalau ampea 95 rota ikizunguka mara 2,000 hivi kwa dakika. Ile ya 250 ni ghali zaidi, mara nyingi ina mwili mkubwa usioingia kwenye vishikio vya Chevelle bila kukata na kuchomelea, na baadhi yao hutoa umeme kidogo kwenye sailensi kuliko ya 150 iliyoundwa vizuri.

Kutoka mizunguko ya injini hadi ya rota kuna puli, yale magurudumu yanayopitisha mkanda, na hapo ndipo mtu wa mjini na wa mbio hugombana ndani ya gari moja. Pima kipenyo cha puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini) na cha puli ya altaneta. Tuseme ya krenki ni milimita 165 na ya altaneta ni 66: uwiano ni 2.5. Kemshafti yako kali huenda imekulazimisha kuweka sailensi kwenye 900, basi rota inazunguka mara 2,250, na hilo linakusaidia. Ukifika 6,500 mwishoni mwa mbio, rota inazunguka mara 16,250. Altaneta nyingi za aina hii huvumilia hadi 18,000, kwa hiyo uko salama. Lakini ukidanganywa kuweka puli ya milimita 50 ili upate umeme zaidi kwenye foleni, kwenye mizunguko ileile 6,500 rota itafika 21,450, na hapo beringi huungua na waya za rota zinaweza kuchomoka zikajipigiza kwenye stata, zile koili zisizozunguka zinazoizingira rota. Nunua altaneta yenye nguvu huku chini, kisha uiachie puli ya wastani.

Kuhusu nguvu ya injini, rafiki yako anadhani altaneta hudai kadiri ya ukubwa wake. Sivyo. Hudai kadiri ya umeme unaotumika wakati huo, maana regulata, kifaa kinachodhibiti volti za altaneta, huongeza au kupunguza sumaku ya rota kufuatana na mahitaji. Siku ya mbio umezima kiyoyozi, taa na redio, na pengine feni moja; gari linatumia ampea 40 hivi. Ampea 40 kwa volti 14 ni wati 560, na kwa kuwa altaneta hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopokea, injini inatoa kama wati 1,000, yaani nguvu ya farasi moja na ushei. Altaneta ya 80 na ya 160 zitadai karibu kiasi kilekile. Katika injini ya nguvu za farasi 300 hutaliona hilo kwenye saa.

Kuichomoa ndiko kunakonitia hofu, na naomba unisikilize vizuri hapa. Bila altaneta, volti hushuka kutoka 14 hadi 12 na kuendelea chini kadiri betri inavyochoka. Pampu ya mafuta hupunguza mwendo, shinikizo la mafuta huyumba, na cheche hudhoofika. Injini inayokosa mafuta ikiwa imekanyagiwa hadi sakafuni huchemka ndani ya silinda, hugonga, na inaweza kutoboa pistoni. Wapo wanaokimbia bila altaneta, lakini magari yao yamejengwa kwa kazi hiyo tu, na betri zao huchajiwa kati ya mbio moja na nyingine. Lako litarudi Nyegezi kwa magurudumu yake.

Sasa waya, jambo ambalo wengi hulidharau. Waya wa zamani wa kuchajia kwenye magari haya una unene wa milimita 5 hivi za mraba. Ukipitisha ampea 130 humo, kila mita moja ya waya itageuza wati zaidi ya 50 kuwa joto, na gamba lake litayeyuka. Toa waya mpya kutoka altaneta moja kwa moja hadi betri: ikiwa betri iko mbele na umbali hauzidi mita moja na nusu, milimita 25 za mraba zinatosha, ikiwa umeihamishia kwenye buti, weka 50. Weka fyuzi nene upande wa betri. Kisha weka waya wa ethi, yaani wa kurudishia umeme, wa unene uleule kutoka mwili wa altaneta hadi chesisi na betri, kwa sababu injini imekalia mipira, na rangi nzuri uliyopaka kwenye vishikio huzuia umeme. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tuna bahati ya maji baridi, hewa yetu haina chumvi kama ya Tanga, lakini matope na mvua hula viungo vya ethi polepole. Vikwangue hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi.

Chevelle yako ilikuwa na regulata iliyokaa nje ya altaneta. Ukiweka mpya yenye regulata ya ndani, ya nje inaondoka na nyaya zake zinabadilishwa. Utaambiwa uchukue ile ya waya mmoja kwa kuwa ni rahisi kufunga. Mimi napendelea ya nyaya tatu. Ya waya mmoja haianzi kuchaji mpaka upige resi baada ya kuwasha, nayo hupima volti mgongoni mwake yenyewe. Ya nyaya tatu huamshwa na swichi mara moja, na waya wake wa kupimia huungwa pale umeme unapogawanywa, hivyo hufidia kinachopotea njiani.

Kama betri iko kwenye buti, waandaaji wa mbio watadai swichi kuu ya kukata umeme nyuma ya gari, na ni lazima injini izimike inapokatwa. Watu wengi hushangaa kuona injini inaendelea kuunguruma: altaneta inaendelea kuilisha. Waya wa kuchajia uungwe upande wa betri wa swichi hiyo, si upande wa gari, ili ukikata swichi, injini itengwe na betri pamoja na altaneta. Kwa kuwa waya huo utabaki na umeme wakati wote, ile fyuzi ya upande wa betri haina mjadala.

SWALI: Fundi, nimeweka altaneta ya ampea 160 kwenye gari langu la V8. Mkanda unalia kila asubuhi na umeshakatika mara mbili. Nimeukaza mpaka nimechoka.
Msomaji, Bukoba

JIBU: Acha kuukaza, utaua beringi za altaneta na za pampu ya maji. Bila shaka unatumia mkanda mmoja wa V. Kwa uzoefu wangu, mkanda mmoja wa namna hiyo huanza kuteleza mzigo unapokaribia ampea 100, na asubuhi ndipo unapolia kwa sababu betri imetoka kuwasha injini na inadai chaji kwa nguvu. Weka puli za mikanda miwili ya V, ibadilishwe miwili kwa pamoja, au uhamie kwenye mkanda mpana wa mifereji sita. Hakikisha pia puli zote zimekaa kwenye mstari mmoja. Weka rula ndefu juu ya nyuso zake uone.

SWALI: Habari za kazi fundi. Altaneta mpya kutoka Marekani siiwezi. Fundi wangu anasema tutafute ya mtumba, ya lori au ya Hiace ya dizeli, kwa kuwa ni kubwa. Je, inawezekana kwenye V8 ya petroli?
Msomaji, Musoma

JIBU: Mtumba unafaa, ila si hizo. Malori mengi ni ya volti 24, na altaneta yake itaunguza vitu vya gari lako. Za Toyota nyingi za dizeli zimebeba mgongoni pampu ya kuvuta hewa ya breki inayohitaji kulishwa oili ya injini. Zikikosa oili, pampu hukwama. Epuka pia za magari mapya ambazo chaji yake huamuliwa na kompyuta ya gari, kwa maana kwenye gari lako hazitapata maelekezo. Tafuta ya volti 12 kutoka gari kubwa la petroli, yenye regulata ya ndani, na uangalie kwamba mapanga ya feni yake yanafuata upande injini yako inakozungukia. Kabla ya kulipa, iombe ijaribiwe kwenye mashine ya fundi umeme ikiwa na mzigo. Ukishaifunga, washa kila kitu gari likiwa kwenye sailensi na uweke mita kwenye vichwa vya betri: ukisoma kati ya 13.8 na 14.4 ni nzuri. Ukisoma chini ya 13, hamishia mita kwenye nati ya altaneta. Ikionyesha 14 hapo, altaneta haina kosa, na kinachokunyima chaji ni waya.