Jibu: Kumbukumbu za Leakey na Goodall ziko wapi?

Salaam ndugu. Umeuliza kama bintiyo wa kidato cha nne anaweza kuziona karatasi za Louis Leakey, mchimbuzi wa mabaki ya binadamu wa kale, na za Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, bila kutoka hapa Mombasa. Karatasi zenyewe, la. Za Goodall nyingi za Gombe, hifadhi ya sokwe huko magharibi mwa Tanzania, ziko Marekani: zamani zilikuwa Chuo Kikuu cha Duke, kisha zikahamishiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Ama akitaka kuona mafuvu na mifupa ya kale, makumbusho ya Nairobi yana hazina kubwa. Andika barua mapema, usifike tu mlangoni.

Lakini mwambie jambo hili, maana wengi hawalijui: sehemu kubwa ya kumbukumbu za Gombe iliandikwa kwa Kiswahili! Goodall alianza pale Julai 1960, na baadaye Watanzania wa vijiji vya karibu wakawa ndio wanaomfuata sokwe mmoja tangu alfajiri hadi anapotandika kiota jioni. Kila kitu daftarini: amekula nini, amekutana na nani, amepigana na nani. Kisha yakatafsiriwa kwa Kiingereza. Mimi ningeifanya hiyo ndiyo mada ya insha yake, kuliko kurudia habari za Leakey na Olduvai, bonde la Tanzania alikochimba mabaki ya kale, ambazo kila mwanafunzi huandika.

Na akitaka kuanzia nyumbani, basi aanzie Kilindini. Goodall alishukia hapa mwaka 1957, kwa meli ya Kenya Castle, akapanda gari la moshi kwenda Nairobi. Huko ndiko alikokutana na Leakey, akamwajiri kazi ya ukarani.